Mapazia ya kushonesha nyumba nzima: mita 6 au 12?

NyumbaFuoni
Asalaam alaykum wana jamvi. Nyumba imeshapigwa rangi, imebaki mapazia. Ya tayari sitaki, hayafiki chini na upana hautoshi. Dirisha la sebule ni la aluminiamu la kusukuma, upana sm 180, kimo sm 140, na kutoka sakafuni mpaka ukingo wake wa juu ni sm 210. Linatizama magharibi. Dari ni jipsam, sm 285 kutoka chini. Dukani Mlandege nimeambiwa mita 6 zinatosha, fundi anasema nilete 12. Nani mkweli hapo? Na chumba kimoja cha kulala kinapigwa na jua la asubuhi mpaka kitandani. Nipeni muongozo kabla sijatoa pesa.

Mkasi_na_Futi
Wa alaykum salaam. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, ila hakuna aliyekutajia upana wa jora. Vitambaa vya pazia vinakuja kwa upana wa aina mbili: sm 140 hadi 150, na sm 280 hadi 300. Hesabu zake hazifanani hata kidogo.

Kabla ya kitambaa kuna bomba. Pazia halipimwi kwa dirisha, linapimwa kwa bomba. Dirisha la sm 180 litake bomba la sm 240, yaani sm 30 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na kioo kibaki wazi kwa upepo. Ukiweka bomba la sm 200 kwa sababu lilikuwa na bei nafuu, pazia zito litakula sm 20 au zaidi za kioo kila upande, na sebule itakuwa kiza mchana kweupe.

Kimo: bomba liwe juu ya lenta (boriti ya zege iliyo juu ya dirisha). Lenta nyingi zina kimo cha sm 20, kwa hiyo kwako inaanzia 210 inaishia 230. Weka bomba sm 238 kutoka sakafuni. Pazia la ringi (duara zinazobanwa kwenye kichwa cha pazia, bomba likapita ndani yake) linapanda kama sm 3 juu ya bomba, na chini liache kama sm 1 (zaidi ya hapo linaonekana fupi). Urefu wa pazia likishakamilika ni sm 240.

Sasa ukataji. 240, ongeza pindo la chini sm 20 (sm 10 likunjwe mara mbili), ongeza kichwa sm 12. Jumla sm 272.

Upana: bomba 240 mara mbili, ili mikunjo ipatikane, ni 480. Pindo za ubavuni sm 6 kila moja, ziko nne kwa vipande viwili, hiyo 24. Jumla 504.

Kitambaa cha sm 280 unakilaza: upana wa jora unakuwa ndio urefu wa pazia. 272 inaingia ndani ya 280, umebakiwa na sm 8. Unanunua kwa upana tu, mita 5.04, ukichukua mita 5 na robo umemaliza. Muuzaji wa "mita 6" alikuwa na jora hili kichwani.

Kitambaa cha sm 140: 504 gawa kwa 140 ni 3.6, na dukani huuziwi sehemu ya pana (kipande cha upana mzima wa jora), kwa hiyo pana 4. Kila moja sm 272, jumla mita 10.88. Fundi wako huyo.

Karafuu_Wete
Hapo kwa fundi uliza jambo moja zaidi: 12 za mita au za yadi? Mafundi wengi bado wanahesabu yadi. Mita 10.88 ni karibu yadi 11.9, ndiyo hiyo 12 yake. Ukienda ukanunua mita 12 umelipa zaidi ya mita moja ya bure. Baya zaidi ni kinyume chake: unaambiwa "kumi na moja" za mita, dukani unapimiwa yadi 11, unafika nyumbani na mita 10.06. Hapo pazia moja litakuwa fupi na jora limeshauzwa.

Na kitambaa cha nyumba moja chote kitoke jora moja. Rangi hiyo hiyo ya mzigo mwengine haiwi ile ile, dukani kwenye taa huoni, ukitundika karibu na dirisha unaona bayana. Sisi wa Pemba ndio khasa, kurudi Unguja kutafuta mita mbili ni nauli ya boti.

Mkasi_na_Futi
Ahsante Karafuu, la yadi nililisahau.

Kama kitambaa kina maua makubwa, hesabu inabadilika tena. Pima ua moja mpaka linapojirudia. Tuseme sm 64. Ile 272 gawa kwa 64 unapata 4.25, unapandisha mpaka 5, kila pana inakatwa sm 320. Mara nne ni mita 12.80. Hizo karibu mita mbili za ziada ndizo zinazofanya maua yakutane kwenye mshono. Fundi akizibana, ua la kushoto litakuwa na kichwa na la kulia halina, na hakuna pasi inayorekebisha hilo. Kwa dirisha kubwa la sebule mimi ningeshauri kitambaa cha rangi moja au mistari ya wima, maua yaende kwenye mito.

Bibie_Shangani
Mistari ya wima sawa, ila ya mlalo msijaribu kwa fundi msiyemjua. Ikipinda sm 1 tu kwenye pindo la chini, kila anayeingia sebuleni anaiona kabla hajakaa.

NyumbaFuoni
Nimefahamu sasa. Basi nikichukua la sm 280 naokoa pesa? Na ringi ni ngapi?

Mkasi_na_Futi
Si lazima uokoe, mita moja ya jora pana ina bei kubwa. Zidisha bei ya mita kwa mita unazohitaji kwa kila jora, ndipo ulinganishe. Faida yake ya kweli ni kuwa pazia halina mshono wa katikati. Hasara yake ni kimo: pazia likizidi sm 248 halitoshi tena kwa jora la 280, maana 280 toa 32 za pindo na kichwa. Wenye dari ndefu za Mji Mkongwe hawana budi kurudi kwenye jora jembamba au kutafuta la sm 300.

Ringi: idadi iwe ya kugawika kwa mbili, kila kipande. Ikiwa 15, ukingo mmoja utageuka ukutani na mwengine utaning'inia mbele kama sikio. Kipande cha pana mbili za sm 140 kikishashonwa kinabaki sm 264 (280 toa pindo 12 na mshono 4). Ringi ya kwanza na ya mwisho katikati yake iwe sm 6 kutoka ukingoni, zinabaki sm 252. Ringi 16 zina nafasi 15, kila nafasi sm 16.8. Kwa vipande viwili ringi 32, nunua 34 kwa sababu moja au mbili huvunjika meno wakati wa kuzibana.

Kwa kipande cha sm 240, kile cha jora pana, ringi 14 zina nafasi 13 za sm 17.5. Inapendeza pia. Ukipita sm 18 mikunjo inalegea, ukishuka chini ya 14 inabanana na pazia linakataa kufunguka vizuri.

Ringi ya tundu mm 40 inataka bomba la mm 25 au 28. La mm 35 litakwaruza na utakuwa unavuta pazia kwa nguvu mpaka skurubu zitoke.

Ukuta_wa_Mawe
Naongeza la vishikio vya bomba, hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mikunjo ya sm 17 inatoka kama sm 8 na nusu kila upande wa bomba. Kishikio kifupi cha sm 6 kinafanya pazia lisugue ukuta: rangi inachafuka, na ukuta ukiwa na unyevu kitambaa kinaunyonya. Bomba liwe sm 10 kutoka ukutani. Ukitaka mabomba mawili, la ndani kwa pazia jepesi liwe sm 6 (pazia jepesi lishonwe kwa utepe wa kukunja, si ringi) na la nje sm 16.

Uzito nao: mita 10.88 za upana wa sm 140, kitambaa cha gramu 250 kwa mita ya mraba, ni karibu kilo 4 bila ringi. Bomba la sm 240 bila kishikio cha kati litapinda. Zaidi ya mita 2, weka cha kati. Mita 3 na kuendelea, viwili.

Kutoboa: msilazimishe kwenye lenta. Zege ni gumu, na drili ikikutana na nondo fundi anahamisha tundu sm 2 pembeni, vishikio haviko sawa tena. Ndiyo maana Mkasi amesema 238. Kwenye tofali la saruji tundu mm 8, plagi mm 8, skurubu isipungue sm 5, na usihesabu plasta kama ukuta. Plasta ya sm 2 haishiki kitu.

Mji Mkongwe ni habari nyengine. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi, lakini ndani ni laini. Drili ikipigwa kwa nyundo, tundu la mm 8 linakuwa pango. Zima nyundo, toboa kwa mzunguko tu, tumia plagi ndefu ya sm 8 au 10. Ikiwa chokaa inamwagika kama unga, usipigane nayo: chukua ubao wa mninga au mvule wa upana wa sm 10, urefu wa bomba, ufunge kwa skurubu tano au sita zilizotawanywa, kisha vishikio vifungwe kwenye ubao. Ubao ukipakwa rangi ya ukuta hauonekani. Msizibe matundu kwa saruji, saruji inafungia unyevu ndani ya chokaa na baada ya mvua za masika pembeni pake panaanza kubanduka.

Pwani_Kusini
Kwa walio kando ya bahari, Jambiani, Paje, Nungwi na kwengineko: bomba la chuma lililong'arishwa linavimba na kutoa kutu kwenye maungio kwanza, na kutu hiyo inaingia kwenye kitambaa haitoki. Aluminiamu, mti, au chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. La 304 linatosha ndani ya mji, pwani linapata madoa ya kahawia. Skurubu nazo ziwe za aina hiyo. Aluminiamu iliyofungwa kwa skurubu ya chuma cha kawaida kwenye hewa ya chumvi inaliwa pale pale kwenye tundu. Na ringi za plastiki zilizopakwa rangi ya fedha ni bora kuliko za bati.

NyumbaFuoni
Na hili jua la magharibi? Muuzaji amenisifia blakauti (kitambaa kizito cha kuzuia mwanga) kwamba inaleta baridi.

Kusi_na_Kaskazi
Haileti baridi. Jua likishapita kioo, joto limeshaingia ndani; pazia linaweza tu kurudisha sehemu ya mwanga nje kabla haujageuka joto. Kwa hiyo kinachofanya kazi ni rangi ya mgongo wa pazia: uwe mweupe au wa kijivu cha kung'aa. Blakauti yenye mgongo mweusi ni jiko. Ukitaka baridi hasa, zuia jua nje ya kioo, kwa kipaa cha baraza au luva za mbao.

Kwetu huku karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yanayoumia mwaka mzima. La kaskazini linapata jua miezi ya Juni, la kusini Disemba, na saa sita mchana liko juu sana, haliingii mbali. Kwa hiyo usitie blakauti nyumba nzima. Chumba cha mashariki, ndiyo. Sebule ya magharibi, kitambaa cha kawaida chenye bitana nyeupe ya pamba-polista kinatosha na kinapumua.

Mapazia ya Zanzibar kazi yake ya kwanza ni upepo na stara, urembo unafuata. Watu wanapachika mahameli ya gramu 400 dirisha linalopokea kaskazi, halafu wananunua feni.

Bibie_Shangani
Mahameli yana watu wake jamani 😄 lakini moshi wa udi na ubani unaganda humo, na kuutoa kwa kufua ni kazi. Wanaofukiza kila Alkhamisi watafute kitambaa laini kisicho na manyoya.

Mkasi_na_Futi
Na mahameli yana mwelekeo. Pitisha kiganja: upande mmoja laini, mwengine unakwaruza. Pana zote zikatwe zikielekea upande mmoja, ikigeuzwa moja itaonekana rangi mbili.

Kuhusu blakauti, mpeni fundi maneno haya mapema: hakuna pini, kila tundu la sindano linapitisha nukta ya mwanga na halizibiki. Mishono iwe michache. Pasi isiguse mgongo wenye mpira. Isikunjwe kabatini, mpira unashikana kwenye joto na ukifungua unabanduka vipande. Kufua ni kwa mkono, bila kukamua. Na mwanga wa asubuhi haupiti kwenye kitambaa, unapita ubavuni: ringi ya mwisho ya kila upande iwekwe nje ya kishikio, kati ya kishikio na kichwa cha bomba, ili ukingo ukae ukutani bila kuvutika.

Karafuu_Wete
Stara hiyo muijaribu usiku. Pazia jepesi mchana unaona nje na wa nje hakuoni. Taa ikiwashwa mambo yanageuka, aliyeko njiani anaona mpaka sinia. Dirisha la uchochoroni lazima liwe na tabaka la pili.

Halafu kuvu. Pemba mvua ni nyingi, na kuvu linaanza kwenye pindo la chini na nyuma ya kichwa, pasipopita hewa. Polista haliliwi, lakini vumbi na wanga uliotiwa na kiwanda vinaliwa juu yake. Pamba na kitani vinaliwa vyenyewe. Kichwa cha pazia kisitiwe gamu (utepe mgumu wa ndani) ya karatasi, kwa unyevu inalegea miezi michache tu, mikunjo inainama. Gamu ya polista, sm 10.

Pamba lazima ioshwe kabla ya kukatwa. Inaweza kurudi asilimia 3 mpaka 5, kwa pazia la sm 240 hizo ni sm 7 hadi 12. Ukiosha baada ya kushona una pazia la mtoto. Kama hutaki kuosha jora zima, kata kipande cha sm 50 kwa 50, ukioshe, ukianike, ukipime tena.

NyumbaFuoni
Mungu awalipe. Mawili ya mwisho. Dirisha la sebule kusi ikivuma pazia linaruka mpaka kwenye meza, nitie uzito gani? Na mlango wa mbele unaokaa wazi, pazia lake lipimweje?

Kusi_na_Kaskazi
Pindo la chini la sm 10 lililokunjwa mara mbili tayari ni uzito. Halikutosha, chubwi ndogo za kuvulia, moja kila pembe na moja kila mshono, ndani ya kifuko cha kitambaa kilichoshonwa pande zote. Ni za madini ya risasi, kwa hiyo kama kuna watoto wanaotia vitu mdomoni tumia washa za chuma kisichoshika kutu. Washa za kawaida zinatoa doa la kutu kwenye mfuo wa kwanza. Kwa pazia jepesi usitie vipande, tia mnyororo mwembamba wa uzito ndani ya pindo lote, vinginevyo pembe zinavuta na katikati panapepea.

Mkasi_na_Futi
Mlango: tundu la sm 90 litake kitambaa cha sm 160 hadi 180. Chini ya hapo upepo unalifungua na stara haipo. Zaidi ya hapo unazuia upepo uliouachia mlango wazi. Chini liache sm 4 au 5, maji ya kupigia deki na viatu vya kibarazani vinalimaliza. Kitambaa kisipite gramu 180 kwa mita ya mraba, na kifanane pande mbili, kwa kuwa mgeni anaposimama kupiga hodi anaona upande wa nje. Bomba lifungwe kwenye fremu ya mbao kwa skurubu za sm 3, liwe ndani ya mlango, na utumie utepe au kichwa cha kupitisha bomba badala ya ringi. Ringi zinalia kila upepo ukipita.

Ukimpelekea fundi kazi, mwambie na haya: uzi wa polista, wa pamba unaoza kwa jua kabla ya kitambaa. Sindano namba 11 kwa jepesi, 14 kwa zito. Hatua ya mshono mm 3 kwa jepesi, karibu 4 kwa zito. Mshono mfupi wenye uzi uliokazwa unavuta kitambaa na pazia linaonekana limekunjamana hata likipigwa pasi. Kingo za jora zikatwe au zichanjwe kila sm 10, zinakaza kuliko kitambaa. Pana ikiwa na nusu, nusu iende upande wa ukutani, isije katikati ya dirisha.

Na pindo la chini asilimalize. Alipige kwa mkono tu, pazia litundikwe siku tatu nne, kitambaa kishuke. Ndipo apime kutoka sakafuni, kila pembe kivyake, kwa sababu sakafu nyingi haziko sawa.

NyumbaFuoni
Siku nne zote fundi atakubali kurudi?

Karafuu_Wete
Mbakishie robo ya ujira wake, utamuona mlangoni siku ya nne asubuhi.